Maswali Yenu: Vikao Vingi, Jumapili Maabara, na Mtunza Panya Asiyetajwa

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaosoma, wanaofanya kazi, au walio na jamaa katika taasisi za utafiti wa kinga ya mwili. Nimezipokea kwa furaha kwa sababu huko ndiko ninakoshinda. Mimi ni msimamizi wa chumba cha mashine za kuchambua seli. Mashine hizi hupitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa sekunde, na kuzitenga kufuatana na rangi za kingamwili (protini za kinga zinazonasa shabaha maalumu) zilizozishika. Hakuna kundi lisilozihitaji, kwa hiyo kila mtu hupita kwangu: profesa, mwanafunzi, hata mgeni wa wiki moja. Nawaona wanapopata matokeo ya kuwapigia wazazi simu, na nawaona wanapofika na trei nzima ya seli zilizokufa. Ninayojibu hapa nimeyaona nikiwa katika kiti hicho.

*Shikamoo Mama. Nimeanza masomo ya uzamivu katika taasisi ya utafiti wa kinga. Jumatatu tuna mkutano wa kundi letu, Jumatano tunasoma makala pamoja, Alhamisi wanafunzi wanaeleza kazi ambazo hazijakamilika, Ijumaa kuna semina ya taasisi nzima. Juu ya hayo kuna mapumziko ya pamoja kila asubuhi, na wakubwa hununa usipoonekana. Nina majaribio ya kumaliza. Nikiacha nusu ya vikao hivi nitapoteza nini hasa? – Mwanafunzi mwenye haraka*

Marahaba, mwanangu. Haraka yako naielewa. Ufadhili una mwisho, na hakuna anayepewa shahada kwa kuhudhuria vikao. Lakini umeuliza utapoteza nini, nami nitakujibu kwa visa vya watu, maana fani yako imejaa watu waliopata jambo kubwa kwa sababu siku fulani walikaa wakamsikiliza mtu ambaye hakuwa wa kundi lao.

Mwaka 1973 César Milstein alitoka Cambridge akaenda kutoa semina katika Taasisi ya Kinga ya Basel, Uswisi. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana Georges Köhler, aliyekuwa akifanya utafiti wake wa uzamivu hapo. Milstein alieleza alivyokuwa akiunganisha seli za saratani zinazotoa kingamwili. Köhler akavutiwa, akaomba kufanya kazi naye, na mwaka 1974 akahamia Cambridge. Huko walichukua seli B, yaani seli ya kinga inayotoa kingamwili, kutoka katika wengu wa panya aliyechanjwa, wakaiunganisha na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, siku nenda siku rudi. Makala yao ilitoka mwaka 1975. Kingamwili nyingi zenye rangi unazoleta chumbani kwangu zinatokana na njia hiyo, na dawa kadhaa za saratani na za ugonjwa wa viungo pia.

Tena angalia walivyojua kwamba wamefaulu. Walitumia kipimo ambacho seli inayotoa kingamwili huacha duara lililo wazi katikati ya chembe nyekundu za damu ya kondoo. Kipimo hicho alikuwa amekibuni Niels Jerne, mkurugenzi wa taasisi ile ile ya Basel ambako Köhler alitoka. Wote watatu walishirikiana Tuzo ya Nobeli mwaka 1984, ingawa sehemu ya Jerne ilikuwa hasa kwa nadharia zake.

Taasisi ya Basel inastahili aya yake. Ililipiwa na kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, lakini watafiti walijichagulia cha kutafiti. Haikuwa na idara, wala ngazi ndefu za vyeo. Watafiti waliitwa wanachama tu. Mwaka 1971 alifika hapo Susumu Tonegawa, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli ambaye kinga haikuwa fani yake. Akajikuta kati ya watu waliokuwa wakibishana juu ya swali moja: mwili wenye jeni chache unawezaje kutengeneza kingamwili za aina zisizohesabika? Wao walikuwa na swali, yeye alikuwa na mbinu za kulifungua. Mwaka 1976 yeye na Nobumichi Hozumi walionyesha kwamba vipande vya jeni vilivyo mbalimbali katika kiinitete cha panya huwa vimesogezwa karibu katika seli inayotoa kingamwili. Yaani DNA yenyewe hukatwa na kuungwa upya ndani ya seli. Kwa kazi hiyo alipewa Nobeli mwaka 1987. Fikiria mtu yule angefungiwa katika idara ya molekuli upande mmoja wa jengo, na wanaobishana wakawa upande mwingine. Taasisi ilifungwa mwaka 2000, na wazee wa fani ninaowahudumia bado wanaitaja kwa mapenzi.

Mara nyingine hata semina haihitajiki, mtu anahitaji jirani tu. Huko Ohio, Marekani, katika miaka ya 1950, mwanafunzi Bruce Glick alikuwa akiwatoa kuku kifuko fulani kilicho karibu na mwisho wa utumbo ili ajue kazi yake. Hakupata jibu. Mwenzake Timothy Chang alihitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi kingamwili zinavyotengenezwa, akapewa baadhi ya kuku wa Glick. Kuku walichanjwa, kingamwili hazikuonekana. Chang angeweza kulalamika kwamba somo lake limeharibika na mambo yakaishia hapo. Badala yake walikaa chini, wakatambua kwamba waliokosa kingamwili ni wale waliotolewa kifuko, wakarudia kwa uangalifu, na mwaka 1956 wakachapisha katika jarida la wafugaji wa kuku. Leo tunajua kwamba kifuko hicho ndicho kinachokuza seli B za ndege.

Rolf Zinkernagel alipofika Canberra, Australia, katika miaka ya 1970, nafasi ilikuwa finyu akawekwa katika maabara ya Peter Doherty. Kwa kushirikiana meza waligundua jinsi seli T, aina nyingine ya seli za kinga, inavyoitambua seli iliyoambukizwa virusi: lazima ione kipande cha kirusi pamoja na alama ya mwili wenyewe. Nobeli yao ilikuja mwaka 1996. Na Katalin Karikó na Drew Weissman, ambao kazi yao ilifungua njia ya chanjo za UVIKO-19 za RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni), walianza kuzungumza katika miaka ya 1990 kwenye mashine ya kutoa nakala, kila mmoja akiwa na makala zake mkononi. Karikó alijua kutengeneza RNA, Weissman alijua seli za kinga. Makala yao muhimu ilitoka mwaka 2005, na Nobeli mwaka 2023.

Utasema hao ni majina makubwa. Basi nikupe la chumbani kwangu. Wanafunzi wawili wa makundi tofauti walikuwa wakisubiri zamu. Mmoja alikuwa amekata tamaa: seli alizotoa kwenye ngozi ya panya hazikuonyesha protini aliyokuwa na hakika zinayo. Mwenzake akaangalia kioo, akauliza, "Tishu umeyeyusha kwa kimeng'enya gani?" Akatajiwa. Akasema kimeng'enya hicho kinanyoa protini ile kwenye uso wa seli. Kwao walishakutana na jambo hilo kwenye utumbo, wakabadilisha. Mazungumzo yenyewe hayakuchukua muda wa kunawa mikono. Yule kijana alikuwa ameshaanza kuandika ripoti kwamba protini haipo.

Kwa hiyo kikao cha Alhamisi usikikose. Hapo ndipo watu wanapoonyesha yasiyoeleweka, na yasiyoeleweka ndiyo yenye faida kwako; makala zilizochapishwa zimeshasafishwa. Kikao cha kusoma makala nenda ukiwa umesoma, la sivyo bora ubaki na seli zako. Semina ya Ijumaa nenda hata mada ikiwa mbali na yako, ukae mbele, uulize swali moja. Mkutano wa kundi lenu ni wajibu, sina la kuongeza. Kuhusu mapumziko ya asubuhi niko upande wako. Mkubwa hana haki ya kumnunia mwanafunzi kwa sababu hakuonekana mezani. Mapumziko ya kulazimishwa ni mkutano mwingine tu. Nenda siku unazoweza, na ukienda usikae na kundi lako.

*Mpendwa Mama, mume wangu ni mtafiti wa kinga. Jumapili usiku, watoto wakiwa bado macho, huvaa viatu na kusema seli zinamngoja. Nimechoka kuwa mpinzani wa seli. Je, ni kweli haziwezi kungoja? – Mke wa mtafiti*

Dada yangu, ni kweli, lakini si kweli yote.

Seli hai hukaa kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 37 na asilimia 5 ya hewa ya kaboni dioksidi. Huogelea katika kimiminika chekundu chenye lishe. Kadiri zinavyokula, kimiminika huchachuka na kugeuka rangi ya manjano, na kikiachwa hivyo zinakufa. Kila baada ya siku mbili tatu lazima mtu akibadilishe. Hapo hakudanganyi.

Tena kinga yenyewe ina kalenda. Panya akiambukizwa virusi tunavyotumia sana maabara, seli T zake hufikia kilele karibu siku ya 8. Ukipima siku ya 5 umewahi, na siku ya 15 nyingi zimeshakufa. Sasa hesabu nami: akianza jaribio Jumamosi, siku ya 8 itaangukia Jumapili. Akianza Jumatatu, itaangukia Jumanne. Aliyechagua siku ya kuanza ndiye aliyechagua Jumapili. Watafiti wazoefu huhesabu kurudi nyuma kabla ya kugusa sindano, nami chumbani nawatambua, kwa sababu huomba zamu ya mashine wiki mbili kabla na mara chache huomba ya usiku.

Kwa hiyo usimwombe aache kwenda. Mwombe mkae pamoja na kalenda yake ya miezi miwili ijayo, akuonyeshe kila Jumapili na sababu yake. Zipo ambazo hazikwepeki. Damu ya mgonjwa hufika inapofika, na seli zake zinaanza kubadilika ndani ya saa chache. Lakini nyingi zinaweza kuhamishwa, na kazi ya kulisha seli haihitaji shahada ya uzamivu. Makundi mazuri yana orodha ya zamu: wikendi hii nakulishia zako, ijayo unanilishia zangu. Na seli ambazo haziko kazini zinaweza kugandishwa katika nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikangoja miaka.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi. Baadhi ya watu ninaowakuta usiku hawaletwi na seli. Wanaletwa na woga. Kundi jirani linafanya jaribio linalofanana, au mkuu wao hutuma ujumbe saa sita usiku na kutazama nani amejibu. Kama ndivyo ilivyo kwa mumeo, kalenda haitatosha, na anahitaji mtu wa kuzungumza naye ndani ya taasisi, si mkuu wake. Nikiwa na neno kwa wakuu wa makundi wanaosoma safu hii ni hili: ujumbe wa saa sita usiku unaweza kungoja asubuhi hata kama ni mzuri kiasi gani, na mwanafunzi wako hawezi kukuambia hivyo. Wewe ndiye unayepaswa kuacha.

Köhler niliyemtaja hapo juu, jioni aliyokwenda kuangalia sahani zake alimchukua mkewe, Claudia, hadi kwenye chumba cha chini kisicho na madirisha, kwa sababu alitarajia kazi ya kuchosha isiyo na matokeo. Akakuta yale maduara, moja baada ya jingine, akambusu mkewe hapo hapo. Naitaja kwa sababu moja. Mwombe mumeo siku moja, taratibu za usalama zikiruhusu, akupeleke wewe na watoto mkaone kwenye darubini hicho kinachomwita. Hakitapunguza saa zake, lakini mtakuwa mnagombana juu ya kitu mnachokijua wote wawili.

*Kwako Mama. Mimi ni mhudumu wa panya wa utafiti. Nabadilisha matandiko, nahesabu watoto wanaozaliwa, naripoti wagonjwa. Watafiti wengine hunipita bila salamu, na jina langu halijawahi kuonekana kwenye makala yoyote. Je, kazi yangu ni sehemu ya sayansi au ni usafi tu? – Mhudumu*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Mwaka 1949, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, walizaliwa panya dume wenye ngozi yenye magamba, wengu mkubwa na tezi za limfu zilizovimba. Walikufa wakiwa na wiki chache tu. Kwenye jengo lenye maelfu ya panya, wangeweza kuhesabiwa kuwa dhaifu, wakatupwa, kizimba kikaoshwa. Badala yake ukoo ule ulitunzwa, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwazalisha majike waliobeba kasoro hiyo bila kuugua. Fikiria kazi hiyo: vizimba, lebo, hesabu za watoto, kwa miongo. Mwaka 2001 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na wenzao walitangaza jeni iliyoharibika katika panya hao, Foxp3. Wakati huo Shimon Sakaguchi wa Japani alikuwa ameshaonyesha kwamba kuna seli T zinazowazuia wenzao wasiushambulie mwili, na baadaye ikadhihirika kwamba jeni hiyo ndiyo inayozitawala. Watatu hao walipewa Nobeli mwaka 2025. Lile jengo lingekuwa na watu wasiojali tofauti ya ngozi ya panya mmoja na mwingine, ukoo huo usingefika mwaka 2001.

Na matandiko unayobadilisha yamo ndani ya matokeo. Kundi la Dan Littman, New York, liligundua kwamba panya wa ukoo ule ule kutoka kwa wafugaji wawili tofauti walikuwa na seli za kinga tofauti kwenye utumbo. Wa mfugaji mmoja walikuwa na seli nyingi za aina iitwayo Th17, wa mwingine walikuwa nazo chache mno. Mwaka 2009 yeye, Ivaylo Ivanov na wenzao walieleza sababu: bakteria mmoja mwenye umbo la uzi aliyekuwepo kwenye vizimba vya huku na hayupo kule. Tangu hapo mtafiti mwenye akili hauliza tu panya ni wa ukoo gani. Huuliza amelala wapi, na nani, na amekula nini. Hayo yote unayajua wewe.

Naamini kabisa kwamba mtu anayeona panya wa kizimba fulani wamejikunyata kabla ya mtafiti kushuka ngazi anafanya uchunguzi wa kisayansi. Mambo mawili uyafanye. Andika unachokiona, kwa tarehe na namba ya kizimba, kwenye daftari lako mwenyewe mbali na fomu ya ofisi, kwa sababu kilichoandikwa kinaweza kutumika na kinaweza kutajwa. Kisha, makala inapokaribia kuandikwa, mwombe mkuu wa kundi jina lako liingie kwenye shukrani. Omba kwa adabu na bila kuona haya. Na kama ulichokiona ndicho kilichobadilisha mwelekeo wa utafiti, shukrani haitoshi, unastahili kuhesabiwa mwandishi. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi.

Kwa wanaompita bila salamu sina ushauri mrefu. Wasalimuni watu.

*Mama, kundi la jirani huazima kingamwili zetu kwenye friji bila kuandika, na tunagundua tukiwa tayari na sampuli. Mkuu wetu anataka tufunge friji kwa kufuli. – Mwenye friji*

Msifunge. Milstein na Köhler hawakuwa na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya njia yao, na Milstein aligawa seli zake kwa maabara zilizomwomba. Bila ukarimu huo friji yenu ingekuwa tupu. Lakini kuazima bila kuandika kunaharibu jaribio la mtu mwingine, na sampuli ya panya haipatikani tena. Wekeni daftari moja mlangoni kwa friji zote za ghorofa, za makundi yote, na yenu ikiwemo, maana nina hakika nanyi huchukua kwao. Chupa iliyobaki na kiasi cha kutosha jaribio moja haiazimwi, hata kwa rafiki. Asiyeandika mara ya pili aambiwe mbele ya mkutano wa ghorofa, kwa jina. Ghorofani kwetu utaratibu huu unafanya kazi.

*Shikamoo Mama. Mkuu wa kundi letu amegundulika ana saratani. Anaendelea kuja, anataka tujadili data kama zamani. Tunamwonea huruma, na tumeanza kumficha matokeo mabaya. Je, tunafanya vyema? – Watatu wa kundi lake*

Marahaba, wanangu. Poleni sana, na mpelekeeni pole zangu.

Msimfiche. Ralph Steinman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, aliyezieleza seli za dendritiki (seli za kinga zinazozionyesha seli T vipande vya adui) mwaka 1973 pamoja na Zanvil Cohn, aligundulika na saratani ya kongosho mwaka 2007. Wenzake, wa maabara yake na wa nyingine, walikusanyika kumsaidia kujaribu tiba za majaribio, zikiwemo zilizojengwa juu ya seli alizozigundua mwenyewe. Aliendelea kufanya kazi. Kwa mtu mmoja huwezi kusema tiba ipi ilisaidia na ipi haikusaidia, na yeye kama mwanasayansi alilijua hilo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, na tarehe 3 Oktoba akatangazwa mshindi wa Nobeli na kamati ambayo haikuwa na habari ya kifo chake. Uamuzi uliachwa kama ulivyo.

Walichompa wenzake ni kumchukulia kama mtafiti hadi mwisho. Mkuu wenu akija na kutaka data, anataka data. Mpeni zote, mbaya kwanza, kama mlivyofanya kabla ya kuugua. Mbadilishe vikao viwe vifupi, viwe asubuhi ikiwa ndipo ana nguvu, na mmoja wenu aandike kila uamuzi ili asilazimike kurudia. Kisha mmuulize yeye mwenyewe, si ofisi, angependa nani awasimamie siku ambazo hawezi. Kuuliza hivyo kunaumiza, lakini mkikaa kimya mtu asiyewajua atawaamulia.

*Mama, ni kweli kwamba watafiti hutumia damu zao wenyewe? Binti yangu ameajiriwa kama msaidizi na ameombwa kuchangia. Naogopa. – Mzazi*

Ni kweli kwamba taasisi nyingi za kinga huomba damu kwa wafanyakazi wao walio na afya, kwa sababu panya si binadamu, na mtu wa kulinganisha na mgonjwa anahitajika. Kuchangia kiasi kidogo kwa mtu mzima mwenye afya ni jambo salama likifanywa na mhudumu aliyefunzwa. Hofu yako kuhusu sindano naomba uipunguze.

Lakini uliza nani aliyemwomba. Ikiwa ni mpango wa taasisi uliopitishwa na kamati ya maadili, wenye fomu ya ridhaa, muuguzi wake, kikomo cha kiasi na mara za kutoa, na namba badala ya jina kwenye mrija, basi ni sawa, naye achague mwenyewe. Ikiwa ni mkuu wake mwenyewe aliyemsogelea mezani na kusema tunahitaji mirija michache leo, hapana. Msaidizi mgeni hawezi kumkatalia anayeandika tathmini yake, na ridhaa isiyoweza kukataliwa si ridhaa. Tena mkuu akiitumia damu hiyo anaweza kuona jambo la afya ya binti yako ambalo binti mwenyewe hakutaka lijulikane kazini.

Mwambie aulize maswali mawili: fomu iko wapi, na nani atajua kwamba mrija huu ni wangu. Akijibiwa yote mawili bila kusitasita, aamue kwa hiari yake. Akijibiwa kwa kuzungushwa, aende kwenye kamati ya maadili ya taasisi, ambayo kazi yake ni kupokea maswali kama hayo hata kutoka kwa mfanyakazi wa wiki ya kwanza.